Apdeti Imekamilika, Wimbo Haufunguki

Tarehe 7 Oktoba 2019 Apple ilitoa macOS Catalina, toleo la 10.15 la mfumo endeshi wa kompyuta zake. Lilikuwa la bure, na lilibisha hodi kwa njia iliyozoeleka: kiboksi kidogo pembeni ya skrini, toleo jipya lipo, usakinishe sasa au usiku? Mhasibu, mwalimu na mwandishi walibonyeza, wakaenda kulala, wakaamka na kompyuta iliyofanana sana na ya jana. Kwenye studio za muziki mambo yalikuwa mengine. Kampuni zinazotengeneza programu za kurekodi na kumiksi zilikuwa zimewaandikia wateja wao mapema, kila moja kwa maneno yake, jambo lile lile: usibonyeze, subiri tukwambie.

Kwa mtu wa nje hiyo ni biashara ya ajabu. Kampuni inakuuzia programu ya kompyuta fulani, halafu inakusihi usiipandishe daraja kompyuta hiyo hiyo. Lakini prodyuza yeyote aliyekaa kwenye kiti miaka kadhaa anajua kwamba apdeti ya mfumo endeshi mara chache huiangusha ile programu kubwa ambayo jina lake liko kwenye kasha. Cubase itafunguka. FL Studio itafunguka. Logic itafunguka, tena kwa madaha. Kinachokufa ni kidogo, kiko ndani, na mara nyingi aliyekitengeneza ameshahamia kwenye shughuli nyingine.

Catalina inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu ilikata mara moja, bila nusu wala robo. Kuanzia toleo hilo, programu yoyote iliyoandikwa kwa biti 32 haikufunguka kabisa. Apple haikufanya hivyo kwa ghafla. Ilitangaza nia yake mwaka 2017, na kuanzia toleo la 10.13.4 la mwaka 2018 mashine ilikuwa ikimwonya mtumiaji kila alipofungua programu ya zamani kwa mara ya kwanza. Watu walibonyeza “sawa” na kuendelea na kazi, kama tunavyofanya sote.

Programu ya biti 32 inaweza kuhesabu anwani 4,294,967,296 za kumbukumbu, yaani gigabaiti 4, basi. Zamani huo ulikuwa utajiri. Ilipofika enzi ya piano iliyorekodiwa noti kwa noti, kwa kugongwa kwa nguvu na kwa upole, au okestra nzima iliyohifadhiwa kama sampo, gigabaiti 4 zikawa chumba kimoja cha kulala familia ya watu kumi. Programu kubwa zikahamia biti 64 kwa zamu. Pro Tools 11 na Logic Pro X zilihama mwaka 2013, Ableton Live 10 ikaacha biti 32 mwaka 2018. Kwa hiyo Catalina ilipofika, programu zenyewe zilikuwa zimeshavuka mto.

Plagini, yaani viprogramu vya ala na efekti, ndizo zilizobaki ng’ambo. Plagini haijitegemei, inaishi tumboni mwa programu iliyoibeba, na programu ya biti 64 haiwezi kumeza plagini ya biti 32. Ndiyo maana yalizuka madaraja. Kampuni ya Sound Radix ilitengeneza 32 Lives, kifaa kilichozifunika plagini za biti 32 ili Logic mpya izione kana kwamba ni za biti 64. Kwa miaka kadhaa kiliwaokoa wengi. Lakini daraja lenyewe lilitegemea mfumo endeshi ukubali kuendesha kitu cha biti 32 upande wa pili, na Catalina ilipokataa, 32 Lives nayo ikafika mwisho wa safari. Sauti ya sinta aliyoipenda mtu tangu 2008, ile iliyokuwa nusu ya utambulisho wake, ikatoweka kwenye orodha pasipo hata ujumbe wa pole.

Hapa inabidi kueleza faili la mradi ni nini hasa, kwa kuwa wengi hudhani ndilo wimbo. Faili la FL Studio linaishia kwa flp, la Cubase kwa cpr. Ukilipima unakuta mara nyingi ni dogo kuliko picha moja ya simu. Hilo ni daftari la mpishi: limeandikwa iliki, mdalasini na kiasi cha chumvi, lakini ndani yake huli kitu. Linasema kwamba kwenye traki ya tano ipo plagini fulani, imewekwa namba hizi, inapokea noti hizi, na kipande cha sauti cha voko kiko kwenye folda ile. Kompyuta ikikosa plagini hiyo, mradi unafunguka ukiwa na shimo. Noti unaziona zimejipanga kwenye skrini, unabonyeza kupiga, besi haiji.

Na plagini huwa yatima kwa njia nyingi. Baadhi zilitengenezwa na mtu mmoja, usiku, baada ya kazi yake ya mchana, akazigawa bure. Mtu huyo akapata watoto au akachoka. Nyingine zilikuwa za kampuni iliyouzwa. Mwanzoni mwa 2015 Apple iliinunua Camel Audio ya Uingereza, na mwaka huo huo sinta yake kubwa, Alchemy, ikaibukia ndani ya Logic. Plagini zake nyingine, pamoja na CamelCrusher ya bure iliyopendwa sana kwa kukaza ngoma na besi, zikabaki bila mwenyewe. Zinafanya kazi pale zinapofanya kazi. Siku zitakapokataa hakuna wa kumpigia simu.

Hata programu nzima inaweza kupatwa na hayo. Mwezi Julai 2002 Apple iliinunua Emagic, kampuni ya Ujerumani iliyotengeneza Logic. Wakati huo Logic ilikuwa na toleo la Windows na watumiaji wake wengi. Toleo hilo lilisitishwa tarehe 30 Septemba mwaka huo huo. Miezi mitatu! Aliyekuwa na albamu kwenye Logic ya Windows alichagua kati ya kununua kompyuta nyingine na kubaki kwenye mfumo endeshi wake wa wakati huo mpaka mashine ife. Cakewalk ya Marekani, watengenezaji wa Sonar, ilisimamishwa na mmiliki wake, Gibson, Novemba 2017. Bahati nzuri BandLab ya Singapore ikaichukua mwaka uliofuata. Watumiaji wa Sonar walikaa miezi ile wakiombea apdeti ya Windows isije na jipya.

Kwa upande wa Apple, Catalina ilikuwa zamu tu katika mfululizo. Mac OS X ya kwanza ilitoka Machi 2001, na Mei 2002 Steve Jobs alileta jeneza jukwaani mbele ya watengenezaji wa programu kuizika Mac OS 9. Msiba ule ulikuwa wa kuchekesha kwa waliokuwa ukumbini. Studio zenye Pro Tools hazikuwa na haraka ya kucheka, kwani Pro Tools ya OS X ilikuja mwaka 2003. Katikati ya hapo ulikufa pia OMS, mtandao wa ndani uliounganisha vinanda na kompyuta kwenye Mac za zamani. Uliandikwa na Opcode, kampuni ambayo Gibson waliinunua 1998 kisha wakaiacha ipotee. Mwaka 2006 Mac zikabadili prosesa kutoka PowerPC kwenda Intel, na mkalimani aliyeitwa Rosetta akawekwa ili programu za zamani ziendelee kueleweka. Mkalimani huyo aliondolewa mwaka 2011, toleo la Lion lilipotoka. Mwaka 2020 prosesa zikabadilika tena, safari hii kwenda M1 ya Apple yenyewe, na mkalimani wa pili akapewa jina lile lile. Nitamrudia.

Windows ina tabia nyingine. Microsoft hubeba vitu vya zamani kwa uvumilivu mkubwa. Hadi leo Windows ya biti 64 inaendesha programu za biti 32, na FL Studio ina daraja lake la ndani la kuzibeba plagini za aina hiyo. Lakini mara moja ilitikisa nyumba nzima. Windows Vista ilipofika madukani Januari 2007, njia ambayo sauti hupita ndani ya mfumo ilikuwa imeandikwa upya, na toleo lake la biti 64 lilikataa draiva isiyo na sahihi ya kidijiti. Saundi kadi nyingi nzuri zikageuka matofali mpaka mtengenezaji alipoandika draiva mpya, na wengine hawakuandika. Studio nyingi ziliiruka Vista kabisa, zikakaa na XP mpaka Windows 7 ilipokuja 2009, na zipo zilizoendelea na XP hata baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Aprili 2014. Sioni walichokosea. Mashine isiyogusa intaneti, inayofanya kazi moja, haina sababu ya kufuata mtindo.

Leo tatizo la Windows ni dogo zaidi na linaudhi zaidi. Apdeti kubwa ikimaliza, hakuna kilichovunjika. Baadhi ya mipangilio imerudishwa tu kuwa ya kiwandani. Tuseme msanii amefika asubuhi kurekodi. Mradi unafunguka, mdundo unapiga, maikrofoni imewashwa, taa ya saundi kadi inacheza kijani kila anapotamka. Prodyuza anabonyeza kurekodi. Msanii anamaliza ubeti mzima kwa hisia zote. Kwenye skrini umechorwa mstari ulionyooka. Hakuna ujumbe wa kosa wala mlio. Programu imerekodi kimya kwa uaminifu wote.

Mhusika hapo ni faragha. Katika toleo la Windows 10 lililotoka Aprili 2018 mpangilio wa kuruhusu maikrofoni, ambao awali uligusa programu za duka la Microsoft, ulianza kuzigusa hata programu za kawaida za mezani. Mwaka huo huo macOS Mojave ilianza kuuliza: je, programu hii iruhusiwe kutumia maikrofoni? Ukibonyeza “hapana” kwa haraka, haiulizi tena. Mfumo hauizuii programu kwa kelele. Unaipa sifuri, na programu inazipokea sifuri hizo kama sauti. Watu wamebadilisha waya, wamebadilisha maikrofoni, wamefungua saundi kadi kwa bisibisi, na tiba ilikuwa swichi moja kwenye ukurasa wa faragha wa mipangilio.

La pili ni kuchelewa kwa sauti. Programu haipeleki sauti tone kwa tone. Inakusanya mafungu, na ukubwa wa fungu ndio unaoitwa bafa. Kwa kasi ya sampo 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampo 128 ni milisekunde 2.9. Ya 512 ni milisekunde 11.6. Ya 1024 ni zaidi ya 23, na sauti inapita njia hiyo mara mbili, kuingia na kutoka. Mwimbaji aliyevaa hedifoni akisikia sauti yake ikimfuata nyuma kiasi hicho, anaanza kuvuta maneno bila kujua kwa nini. Ili bafa iwe ndogo bila sauti kukwaruza, programu za Windows hutumia njia iitwayo ASIO, iliyobuniwa na Steinberg wa Hamburg, ambayo inaipita foleni ya kawaida ya mfumo na kuzungumza moja kwa moja na draiva ya saundi kadi. Apdeti inaweza kuiondoa draiva ya mtengenezaji na kuweka ya jumla ya Microsoft. Saundi kadi inaonekana, inapiga muziki wa YouTube vizuri, lakini ASIO yake haipo. Programu inahamia njia ya kawaida, na mwimbaji anaanza kulalamika.

Usianze kwa kulaumu saundi kadi. Angalia kwanza ndani ya programu draiva gani imechaguliwa. Kama ni ya jumla, pakua ya mtengenezaji kutoka kwake mwenyewe, izime kompyuta, chomoa saundi kadi, iwashe tena, sakinisha, kisha chomeka pale unapoambiwa. Asiye na ASIO ya mtengenezaji huweka ASIO4ALL, programu ya bure iliyoandikwa na Michael Tippach, ambayo imebeba studio nyingi za vyumbani. Kama draiva ni sahihi na bado sauti inakwaruza, fungua mipangilio ya umeme. Apdeti hupenda kuirudisha kompyuta kwenye hali ya kubana umeme na kuruhusu tundu la USB lilazwe usingizi wakati saundi kadi inalitegemea. Ipo pia programu ya bure, LatencyMon, inayoonyesha draiva ipi inaikalia prosesa muda mrefu kuliko inavyostahili. Mara nyingi mkosaji ni Wi-Fi au kadi ya picha, vitu ambavyo havina hata uhusiano na muziki.

Na kuna kisa cha wimbo unaokimbia. Mradi ulirekodiwa kwa 44,100, lakini baada ya apdeti saundi kadi imerudishwa kwenye 48,000 na programu haikujua. Wimbo wa dakika 4 unaisha kwa sekunde 220 na nusu. Sauti inapanda karibu nusu-toni moja na nusu, kila mtu anasikika mdogo kwa umri, na kinanda halisi kilichopo chumbani hakiendani tena na mdundo. Mtu anaweza kuhangaika siku nzima akitafuta plagini iliyoharibika. Namba mbili tu hazilingani.

Leseni nazo zina visa vyake. Plagini ya kulipia huitambua kompyuta kwa alama zake, na mfumo endeshi mpya unaweza kuibadilisha alama hiyo. Plagini inadhani imeibiwa. Leseni zilizokaa kwenye kifimbo cha USB zilionekana salama zaidi, kwa vile kifimbo hakibadiliki. Lakini tarehe 20 Mei 2025 Steinberg ilifunga huduma ya eLicenser, mfumo wake wa zamani wa vifimbo. Aliye na Cubase ya miaka ile imewashwa kwenye mashine yake na aendelee nayo, ila asiwe mwepesi wa kufuta na kusakinisha upya.

Tukifika kwenye kraki, tuseme ukweli tu. Studio nyingi za mitaani, Dar es Salaam na Nairobi zikiwemo, zimejengwa juu ya programu zilizovunjwa kufuli, na hit kadhaa unazozijua zimetoka humo. Sitaki kuhubiri. Naangalia upande wa ufundi pekee: kraki ni programu iliyotobolewa ili iruke kufuli lake, na mfumo mpya unaweza kuyaziba matundu hayo. Baada ya apdeti, kinga ya Windows inalikamata faili lililochezewa na kulifungia. Plagini inatoweka kwenye miradi yote kwa mpigo. Mtengenezaji hana draiva wala ushauri wa kukupa, na aliyetoboa hayupo. Mwenye fedha kidogo ana njia zisizomfunga hivyo. Anayenunua FL Studio kutoka Image-Line ya Ubelgiji hupewa matoleo yote yajayo bila kulipa tena. Reaper, kazi ya Justin Frankel yule yule aliyetuletea Winamp, inauzwa dola 60 kwa mtu binafsi, faili lake la kusakinisha halimalizi bando, na inajua kuzibeba plagini za biti 32 kwenye Windows yenyewe. Inakubali hata Windows XP. Kwa mwenye laptopu ya mtumba, tabia hiyo ina thamani kuliko sinta kumi za bure.

Bando nalo lisidharauliwe. Kisakinishi cha macOS Big Sur kilikuwa na gigabaiti 12 hivi. Wengi huzima apdeti kwa sababu hiyo, wala si kwa tahadhari ya kifundi, na kwa bahati wanafanya jambo sahihi. Umeme ni hatari kubwa zaidi. Apdeti inapoandika upya mafaili ya mfumo, kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika katikati unaweza kubaki na skrini nyeusi, na diski ambayo fundi atakushauri aifute yote.

Kwa hiyo anayetaka kupanda na ajipange kwa mpangilio unaoanzia kwenye kitu dhaifu. Programu kubwa iache ya mwisho; kwanza ziandike plagini zinazotumika kwenye kazi zilizo hai, kisha saundi kadi, kisha leseni, na uangalie kwa kila mtengenezaji kama ameshasema toleo jipya linakubalika. Mmoja akinyamaza, huyo ndiye atakayekupangia tarehe. Nakili diski nzima, si folda ya miradi peke yake, kwenye diski ya nje ambayo kompyuta inaweza kuwaka kutoka kwayo au kurudishiwa. SSD ya pili yenye mfumo mpya ni bora zaidi: ukikwama unarudisha ya zamani kwa bisibisi, unaendelea na kazi mchana huo huo. Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni baada ya kukabidhi kazi. Prodyuza anayefanya apdeti wiki ya kumasta albamu ya mtu anajitafutia kesi.

Kisha zitoe nyimbo kwenye utumwa wa plagini. Kila traki itolewe peke yake kama faili la WAV, kuanzia sekunde ya kwanza ya wimbo hata kama mpiga gitaa anaingia dakika ya pili, ili siku ya kuzirudisha zote zipangike zenyewe. Toa nakala kavu na nakala yenye efekti. Noti za vinanda zitoe kama MIDI. Hayo ndiyo mafaili yaliyopita mifumo yote niliyoitaja bila kukwaruzika: MIDI ilizaliwa 1983, faili lake la kawaida likapatikana 1988, WAV ikaja 1991 kutoka kwa Microsoft na IBM. Yalidumu kwa sababu ni ya kawaida mno, hayamtegemei mtu kuwa hai kibiashara. Kuna vifaa vya maelfu ya dola vilivyokufa baada yake.

Sasa kuna saa mbili zinazohesabu kwa wakati mmoja. Upande wa Windows, huduma ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mtu binafsi aliyejiandikisha kwa nyongeza ya ulinzi amepewa mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi zilizojaa kwenye maduka ya mitumba ni za kizazi cha 4, cha 5 na cha 6. Zina nguvu ya kutosha kabisa kutengeneza mdundo. Zimekataliwa kwa sababu ambayo haihusiani na muziki. Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie, na sizipendekezi kwa mashine inayomlisha mtu, maana apdeti inayofuata haina ahadi nawe. Ningeikata intaneti, nikaiacha na Windows 10 yake kama chombo cha studio, nikahamisha mafaili kwa diski na kusoma barua pepe kwenye simu.

Upande wa Mac ni yule mkalimani wa pili. Kwenye Mac za M1 na zilizofuata, plagini ya Intel bado inafanya kazi kwa msaada wa Rosetta. Logic inaweza kuitafsiri plagini ya Intel pembeni huku yenyewe ikienda kwa lugha mpya, lakini programu nyingine huhitaji kufunguliwa nzima kwa Rosetta ili plagini mbili za zamani zipate kuonekana, na kasi ya prosesa mpya inapotelea humo. Juni 2025 Apple ilisema macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na kwamba Rosetta kwa matumizi ya kawaida itaendelea hadi macOS 27. Programu inayofunguka kwa Rosetta inajulikana: fungua Activity Monitor wakati mradi unapiga, tazama safu inayoonyesha aina ya prosesa, uone kama imeandikwa Intel. Kisha izime, uifungue kwa lugha mpya, na uandike majina ya plagini zilizopotea pamoja na nyimbo zinazozitumia. Hizo ndizo traki za kutoa kama WAV mwezi huu, ukianza na za yule mteja ambaye bado hajamaliza kulipa, kwa sababu atarudi akitaka voko ipandishwe kidogo.